Kabla ya Kuuliza Ngapi, Uliza Iko Wapi

Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi, utabibu na maabara, ulioandikwa upya kwa ajili ya kusomwa

Mkuu wa chuo, walimu wenzangu, wauguzi mliotoka zamu ya usiku na bado mkaja, nanyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza mliojazana viti vya nyuma: itifaki imezingatiwa. Mimi ni mfamasia. Nimeombwa nizungumzie potasiamu kwa sababu, nimeambiwa, wengi wenu mnaijua kama vitu viwili visivyojuana. Kuna ile ya sekondari, mliyoikariri mkaisahau siku ya pili baada ya mtihani, na kuna ile ya wodini, ambayo mnaambiwa tu kwamba inaua. Leo nataka muione kuwa ni ile ile, na kwamba swali la kwanza la kuiuliza si "ni ngapi?" bali "iko wapi, na inaelekea wapi kwa kasi gani?"

Tuanze na metali yenyewe. Potasiamu ni elementi namba 19. Elektroni zake zimepangwa 2, 8, 8, 1, na hiyo moja ya mwisho ndiyo yenye fujo zote. Iko mbali na kiini, imeshikwa kwa ulegevu, na atomi iko tayari kumpa yeyote atakayeipokea. Ndiyo maana metali hii, iliyo laini kiasi cha kukatwa kwa kisu, huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa. Ukidondosha kipande kidogo majini, huelea kwa kuwa ni chepesi kuliko maji, hukimbia huku na huko kikitoa hidrojeni, na hidrojeni hiyo huwaka kwa mwali wa zambarau hafifu. Humphry Davy aliiona kwa mara ya kwanza London mwaka 1807, alipopitisha umeme kwenye potashi kali iliyoyeyushwa. Vitone vya metali vilijitokeza, vikang'aa, vingine vikashika moto palepale. Inasimuliwa kwamba alirukaruka chumbani kwa furaha, na simlaumu.

Lakini hiyo siyo potasiamu iliyomo kwenye ndizi, wala kwenye dripu. Ikishaitoa ile elektroni inabaki ioni yenye chaji moja chanya, na ioni ni mpole: hailipuki, haiwaki, huyeyuka majini na kutembea. Hatari ya wodini haihusiani na ule moto wa maabara. Inatokana na chaji hiyo, na upande wa utando wa seli ambako chaji imesimama.

Nitoke nje ya njia kidogo, maana sisi Watanzania tuna haki ya kujivunia jambo hili. Katika kila atomi 10,000 za potasiamu, moja hivi ni potasiamu-40, ambayo ni nururifu. Huvunjika polepole mno. Nusu yake huchukua miaka bilioni 1.25 kwisha, na sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya agoni inayonaswa ndani ya mawe ya volkano. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, alilolipata Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959 lilijulikana umri wake kwa kuhesabu agoni hiyo kwenye majivu ya volkano yaliyolizunguka: miaka milioni 1.75, matokeo yaliyotangazwa mwaka 1961. Na potasiamu-40 hiyohiyo imo ndani yenu. Mlivyokaa hapo, ndani ya kila mmoja wenu maelfu ya atomi hizo yanavunjika kila sekunde. Msiogope, imekuwa hivyo tangu enzi za huyo Zinjanthropus.

Turudi mwilini. Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban milimoli 3,500 za potasiamu (milimoli ni sehemu ya elfu ya moli, kipimo cha wingi wa chembe), yaani gramu 140 hivi. Karibu asilimia 98 iko ndani ya seli, sehemu kubwa kwenye misuli. Ndani ya seli utakuta kama milimoli 140 kwa lita. Nje, kwenye plazima, ile sehemu ya majimaji ya damu, ni kati ya 3.5 na 5. Tazameni tofauti hiyo vizuri, kwa sababu maabara ikikuletea jibu la potasiamu, imepima ule upande wa nje peke yake. Asilimia 98 hujaiona.

Tofauti hiyo haijikai yenyewe. Utando wa seli una vijia ambavyo potasiamu huvuja kupitia kwavyo kwenda nje, saa zote. Seli inaishi kama jahazi linalovuja ambalo halizami kwa sababu kuna baharia asiyepumzika, anachota na kumwaga, anachota na kumwaga. Baharia huyo ni kimeng'enya kilichokaa kwenye utando: kwa kila molekuli moja ya ATP, nishati ya seli, hutoa nje ioni tatu za sodiamu na kuingiza ndani mbili za potasiamu. Mdenmaki Jens Christian Skou alikigundua mwaka 1957 akichunguza mishipa ya fahamu ya kaa, hawa hawa kaa wa ufukweni, na mwaka 1997 akashiriki Tuzo ya Nobel ya kemia. Kemia, siyo tiba. Ndiyo maana nasema ni mada moja.

Kutokana na kuvuja huko, ndani ya seli hubaki hasi kidogo ukilinganisha na nje. Mapigo ya moyo, mkazo wa msuli, ujumbe wa neva, vyote vinasimama juu ya tofauti hiyo. Ukiongeza potasiamu nje, tofauti inapungua. Seli ya moyo inakuwa kama imeamshwa nusu, milango yake ya sodiamu inagoma kufunguka sawasawa, umeme unapita kwa kusuasua, na mwisho moyo unasimama. Kwenye kipimo cha umeme wa moyo utaona wimbi la T limechongoka na kurefuka, kisha mchoro wote unatanuka, na ukiona umeanza kufanana na mawimbi ya bahari tulivu, ujue hizo ni dakika za mwisho. Madaktari wa upasuaji wa moyo hutumia jambo hilo makusudi: moyo hutulizwa kwa maji yenye potasiamu ili ufanyiwe kazi wakati mashine inasukuma damu. Jimbo la Texas kule Marekani nalo, lilipomuua mfungwa kwa sindano kwa mara ya kwanza mwaka 1982, dawa ya mwisho kati ya tatu ilikuwa kloridi ya potasiamu. Ni dawa hiyohiyo iliyoko kwenye kabati la wodi yenu.

Hapa naomba daftari zifunguliwe. Potasiamu ni 39, klorini ni 35.5. Moli moja ya kloridi ya potasiamu ni gramu 74.5. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 15 ina gramu 1.5. Gawanyeni. Mmepata 0.02, yaani milimoli 20. Sasa plazima yote ya mtu mzima ni lita tatu hivi, na kila lita ina milimoli kama nne. Jumla milimoli 12. Kwa hiyo kichupa hicho kinachokaa katikati ya vidole viwili kina potasiamu nyingi kuliko plazima nzima ya mgonjwa aliyelala mbele yako.

Mtu akila milo miwili ya ndizi anaweza kuzidi kiasi hicho na asidhurike. Kwa nini? Kwa sababu ya njia na mwendo. Ya ndizi huingia taratibu kupitia utumbo, insulini inayotoka baada ya mlo huisukuma ndani ya seli, kisha figo huitoa kwa saa kadhaa. Ya ampuli, ukiisukuma moja kwa moja kwenye kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, hufika moyoni kabla mwili haujapata nafasi ya kuipeleka popote.

Vifo vya namna hiyo vimetokea katika nchi zenye hospitali za kila aina. Marekani, tume inayokagua hospitali ilipoanza kutoa matangazo yake ya tahadhari mwaka 1998, tangazo la kwanza kabisa lilikuwa la dawa hii. Uingereza, wakala wa usalama wa wagonjwa ulipotoa tahadhari yake ya kwanza mwaka 2002, nayo ilikuwa ya dawa hii. Mara nyingi kisa ni kilekile: ampuli ya potasiamu na ampuli ya maji ya sindano au ya chumvi zinafanana, zimewekwa sanduku moja, ni usiku, taa hafifu, mtu anataka kusafisha kanula. Dawa ilipoondolewa kwenye rafu za wodi, nafasi ya kuichanganya ikaondoka nayo. Mimi msimamo wangu uko wazi, na najua kuna matroni hapa hawaupendi: potasiamu ya ampuli isikae wodini. Ikae famasia, itoke kwa jina la mgonjwa. Kama hospitali ni ndogo na famasia inafungwa jioni, basi iwe kwenye kabati lake lenye kufuli, mbali na maji ya sindano, na ufunguo uwe kwa mtu anayejulikana.

Ukishaambiwa uiweke kwenye dripu, kuna jambo la kimaabara ambalo wengi hawaambiwi. Maji ya ampuli ni mazito kuliko maji ya dripu. Ukichoma sindano kwenye chupa ambayo tayari imening'inia, potasiamu inashuka na kutuama shingoni, na mgonjwa anapokea kipimo chote mwanzoni. Shusha chupa, weka dawa, igeuze juu chini mara nyingi, kumi si nyingi, ndipo utundike. Milimoli 20 kwenye mililita 500 za chumvi inakupa milimoli 40 kwa lita, na kwa mshipa wa mkononi usizidishe hapo. Mwendo: milimoli 10 kwa saa kwa mtu mzima asiye kwenye mashine ya kufuatilia moyo. Chupa hiyo basi haipaswi kwisha kabla ya saa mbili. Hesabu matone, usikisie. Na kabla ya yote hayo uliza mkojo. Mgonjwa asiyekojoa hana mlango wa kutolea utakachompa. Figo ndizo zinazotoa asilimia 90 hivi ya potasiamu ya kila siku.

Je, ni nani anayeihitaji? Potasiamu hushuka zaidi kwa watu ambao tunawaona kila siku. Mwenye kuhara na kutapika, na wa kipindupindu kuliko wote. Paketi ya ORS, ile chumvi na sukari ya kunywa anayehara, mnayoikoroga kwenye lita moja ya maji ina gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu, kiasi kilekile cha ampuli yetu. Hapo mnaona tena: milimoli 20 zilezile, kwa kinywa, kwa funda, zinaokoa maisha. Ringa ya dripu ina milimoli nne au tano tu kwa lita, kwa hiyo mgonjwa wa kipindupindu aliyejazwa ringa peke yake amerudishiwa maji lakini potasiamu bado. Mara tu anapoweza kunywa, ORS ianze, hata kama dripu inaendelea.

Halafu kuna wa moyo anayetumia furosemidi, dawa ya kukojosha, na digoksini, dawa ya moyo. Furosemidi inamwaga potasiamu kwenye mkojo. Digoksini inafanya kazi kwa kumziba yule baharia wetu, na potasiamu ya nje ikipungua digoksini humshika kwa nguvu zaidi. Dozi ileile iliyokuwa salama mwezi uliopita inakuwa sumu bila mtu kuigusa. Mgonjwa wa uti wa mgongo wa kuvu anayepewa amfoterisini, dawa ya kuua kuvu, yeye hupoteza potasiamu na magnesiamu pamoja, na msipomrudishia magnesiamu mtamimina potasiamu bure. Figo zitaendelea kuitoa.

Yule ninayemuogopa kuliko wote ni mgonjwa wa kisukari aliyeletwa akihema kwa kasi, damu imejaa tindikali. Kipimo kinasema potasiamu 4.5. Mwanafunzi anafurahi. Lakini hana insulini ya kuizuia ndani ya seli, kwa hiyo imehamia nje, na nyingi imekwenda na mkojo. Mwili mzima umepungukiwa na milimoli mia mbili au zaidi. Ukimpa insulini, ile iliyobaki nje inakimbilia ndani na damu inabaki tupu. Kwa hiyo miongozo inasema kama kipimo kiko chini ya 3.5, potasiamu itangulie, insulini isubiri. Huyo ana namba nzuri na hali mbaya, kwa sababu namba imepima upande mmoja.

Sasa kinyume chake, potasiamu inapozidi kwenye damu. Novemba 2024 jengo lilianguka Kariakoo na watu wakakaa chini ya kifusi. Nilipokuwa nasikiliza taarifa za uokoaji, kichwani mwangu kulikuwa na London ya 1941. Madaktari Bywaters na Beall walieleza watu waliofukuliwa kwenye nyumba zilizopigwa mabomu: wametoka wakizungumza, mguu mmoja ukiwa umekandamizwa kwa saa nyingi, na baada ya siku chache wakafa kwa figo. Msuli uliokandamizwa hufa na kuachia kilichomo, na tumekwisha kusema msuli ndio ghala kuu la potasiamu. Zege linapoinuliwa, damu hupita tena mguuni na kuisomba yote kuelekea moyoni. Kwa hiyo kama mnaweza kuufikia mkono wake, dripu ianze kabla ya zege kuinuliwa, nayo iwe chumvi ya kawaida, siyo ringa.

Wengine potasiamu yao hupanda polepole: mwenye figo zilizochoka, hasa akiwa anatumia enalaprili au spironolaktoni, dawa za presha na moyo. Hao huja wakilalamika udhaifu wa miguu, au hawalalamiki kabisa.

Tiba ya potasiamu iliyopanda ina hadithi ninayoipenda. Sydney Ringer, huyu ambaye jina lake mnalitamka kila siku, alikuwa London miaka ya 1880 akichunguza moyo wa chura kwenye maji ya chumvi. Moyo uliendelea kupiga vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Kumbe maji yaliyotumika hayakuwa yaliyokenekwa, yalikuwa ya bomba, yenye kalsiamu. Maji safi yalipotumika, moyo ulizimika. Akaonyesha kwamba kalsiamu na potasiamu zinapingana juu ya msuli wa moyo. Tukitoa leo mililita 10 za glukonati ya kalsiamu taratibu kwenye mshipa, tunafanya kazi ya Ringer: ndani ya dakika chache mchoro wa moyo unatulia. Lakini potasiamu haijashuka hata chembe. Kinga hiyo hudumu nusu saa hadi saa moja. Katika muda huo tunatoa insulini yuniti 10 pamoja na glukosi gramu 25, na salbutamoli ya mvuke, ili potasiamu irudi ndani ya seli. Sukari ipimwe kila mara, maana insulini inaweza kudumu kuliko glukosi uliyompa. Na hata hapo haijatoka mwilini, imehama tu. Kuitoa ni kazi ya figo, ya choo, au ya mashine ya kusafisha damu. Nimesikia watu wakipongezana baada ya kalsiamu na kwenda kunywa chai. Msiende.

Kwa watu wa maabara, mlioanza kufikiri nimewasahau. Ndani ya seli nyekundu kuna potasiamu tele. Damu ikipasuka kwenye sindano, ukiisukuma kwa nguvu kupitia ncha nyembamba, ukimfunga mgonjwa mpira mkononi kwa muda mrefu na kumwambia akunjekunje ngumi, jibu litapanda ilhali mgonjwa ni mzima. Sampuli iliyosafirishwa kwenye barafu kutoka zahanati ya mbali nayo hudanganya, kwa sababu kwenye baridi baharia wetu hulala na potasiamu huvuja. Na kuna kosa moja linalojitambulisha lenyewe: potasiamu iko juu mno, kalsiamu karibu hakuna, na mgonjwa amekaa anakula uji. Mtu amehamisha damu kutoka kichupa cha kifuniko cha zambarau kwenda kingine. Dawa ya kuzuia kuganda iliyomo humo ni chumvi ya potasiamu, nayo hushika kalsiamu. Rudia sampuli. Lakini kama mchoro wa moyo umebadilika, tibu kwanza huku ukirudia.

Kuna swali kule nyuma. Ndiyo, dada.

(Mwanafunzi aliuliza kuhusu mama yake mwenye ugonjwa wa figo, aliyeambiwa aache ndizi, naye akahamia viazi na mchicha.)

Asante. Mama hajaambiwa yote. Ndizi imepewa sifa peke yake isivyo haki. Viazi, mchicha, maharage, parachichi, nyanya na tende vyote vinayo, na vingine vinaizidi. Kwa wewe mwenye figo nzima hiyo ni heri, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miligramu 3,510 kwa siku, na inasaidia presha. Kwa mama ni hesabu nyingine. Ioni ile, kama tulivyosema, huyeyuka majini, kwa hiyo viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi, na maji yamwagwe, yasigeuzwe mchuzi. Kuvikaanga au kuvichoma hakupunguzi kitu. Kama kwenu mnapika mboga kwa maji ya majivu, wale wa magharibi mwa Kenya wanaita musherekha, hayo ni potasiamu kaboneti, mama aepuke. Zile chumvi zinazouzwa kwa ajili ya wenye presha, soma lebo. Nyingi ni kloridi ya potasiamu. Madafu pia, najua mtu wa pwani kunyimwa madafu ni adhabu, lakini kwa sasa aache. Halafu nenda naye kliniki, uliza jibu lake la mwisho lilikuwa ngapi, dawa gani za presha anazotumia, na ile damu ilikaa muda gani kabla ya kufika maabara.